Redio inakwaruza: wa kulaumiwa ni antena au taa?

*Wapo wanaopandisha waya juu ya mwembe, wapo wanaozungushia waya fremu ya mbao. Mwandishi wetu amefuatilia mabishano ya wapenzi wa redio za AM na kukuta kwamba mtuhumiwa wa kwanza anaishi ndani ya nyumba.*

SAA mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza, na redio ya mzee mmoja mstaafu wa reli mtaa wa Chumbageni, Tanga, inanguruma kuliko inavyosema. Mzee ameshaivuta ile fimbo ya antena hadi mwisho. Ameisimamisha, ameilaza, ameielekeza dirishani. Ngurumo ni ile ile.

Mjukuu wake anapita kwenda jikoni na, kwa mazoea ya kubana matumizi ya umeme, anazima taa ya sebuleni. Papo hapo sauti ya mtangazaji inatoka nzima, neno kwa neno.

Mzee anamwambia, hebu washa tena. Ngurumo inarudi. Zima. Inaondoka. Taarifa ile aliimalizia gizani, na kesho yake taa hiyo, ya LED, iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa, ikahamishiwa chooni.

Kuna mambo mawili hapo ambayo wasikilizaji wengi wa AM hawajapata kuambiwa. La kwanza ni kwamba fimbo aliyohangaika nayo mzee haikuwa na kazi yoyote usiku ule. La pili ni kwamba stesheni haikuwa dhaifu. Ilikuwa inafika vizuri, ila ilikuwa inazibwa.

Fimbo isiyohusika

Ile fimbo inayong'aa juu ya redio ni ya FM, na kwenye redio zenye masafa mafupi ni ya hayo pia. Mawimbi ya FM yana urefu wa mita 3 hivi, kwa hiyo fimbo ya sentimita 75 inayatosha.

Masafa ya kati, ambayo ndiyo watu wengi humaanisha wanaposema AM, ni habari nyingine. Barani Afrika huanzia kilohezi 531 hadi 1602. Stesheni iliyo kwenye kilohezi 1000 inatuma wimbi lenye urefu wa mita 300, yaani viwanja vitatu vya mpira vikipangwa kwa urefu. Hakuna fimbo ya redio ya mkononi inayoweza kujifanya inalijua wimbi hilo.

Antena ya kweli ya AM imefichwa ndani. Mwombe fundi yeyote afungue redio mbele yako akuonyeshe: ni kijiti cheusi, kigumu na chepesi kuvunjika, kilichozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko uzi wa kushonea. Kijiti hicho huitwa feraiti. Kazi yake ni kukusanya ule upande wa sumaku wa wimbi la redio na kuupitisha ndani ya koili.

Feraiti ina tabia moja muhimu kuliko zote. Inasikia vizuri ubavuni, lakini ni kiziwi kwenye ncha zake. Ndiyo maana redio ikigeuzwa kwa robo mzunguko stesheni inaweza kupotea kabisa, na ikigeuzwa tena ikarudi. Wazee waliozisikiliza Philips na National zao miaka ya sabini waliijua tabia hii kwa mikono: hawakuvuta fimbo, waligeuza redio.

Hewa iliyochafuka

Miaka hiyo ndiyo redio ilipofanya kazi ambayo hakuna chombo kingine kingeweza kuifanya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili nchini Tanzania katika vikundi vya kusikiliza. Walikaa chini ya miti na katika madarasa, redio moja katikati, wakasikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam na kujadili vyoo, malaria na maji ya kunywa.

Redio zile hazikuwa na maajabu. Lakini vijiji vingi havikuwa na umeme, na pasipo umeme hapakuwa na kitu cha kuichafua hewa isipokuwa radi.

AM hubeba sauti kwa kupandisha na kushusha nguvu ya wimbi. Kwa hiyo chochote kinachotingisha nguvu hiyo, redio hukisoma kama sauti. Radi ikipiga, unasikia "kra!". Swichi mbovu ikitoa cheche, unaisikia nayo. FM husalimika kwa sababu hubeba sauti kwa kubadili masafa, wala haijali sana nguvu ikipanda au kushuka.

Sasa hesabu vilivyomo katika sebule moja ya leo: taa za LED, chaja za simu, king'amuzi, runinga, rota ya intaneti, na kama kuna sola, inveta na kidhibiti chake. Karibu vyote hivi hukata na kuunga umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha kutoka volti 230 hadi volti chache. Kila mkato huacha kishindo, na vishindo hivyo hujirudia kwa kupanda ngazi hadi kuyafikia masafa ya AM. Nyaya za umeme ukutani, ambazo hakuna aliyekusudia ziwe antena, huvitangaza nyumba nzima.

Mtengenezaji mwangalifu huweka koili ndogo na kapasita mbili tatu za kuzuia uchafu huo usitoke. Anayetaka kuuza kwa bei ya chini kuliko wote huvitoa. Taa inawaka vilevile, na mnunuzi hawezi kujua tofauti mpaka awashe redio.

> Stesheni haikuwa dhaifu. Ilikuwa inafika vizuri, ila ilikuwa inazibwa.

Anza na swichi kuu

Kwa hiyo kabla ya kununua hata mita moja ya waya, kuna jaribio lisilo na gharama. Tia redio betri. Itafutie nafasi kati ya stesheni mbili, pale penye kelele tupu, kisha mtu akakate umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu.

Kelele ikikatika, mhalifu ni wa kwako. Rudisha umeme, kisha washa kimoja kimoja hadi umpate. Redio yenyewe ndiyo mbwa wa kunusa: isogeze karibu na kila chaja na kila taa, usikilize inapopiga kelele zaidi.

Kelele isipokatika, inatoka kwa jirani au kwenye nguzo za umeme. Hapo ndipo lugha laini inapohitajika, maana si rahisi kumgongea jirani saa mbili usiku ukamwambia taa yake inaharibu taarifa ya habari. Wapo waliofanikiwa kwa kumnunulia taa nyingine. Ni nafuu kuliko antena.

Jambo hili la kelele ndilo linalogeuza mjadala mzima wa antena. Watu hudhani antena nzuri ni ile inayoleta nguvu nyingi. Katika masafa ya kati, nguvu ni rahisi kuipata. Kuongeza nguvu kusikochagua ni sawa na kumwongezea mtu kipaza sauti kando ya mashine ya kusaga: mashine nayo inasikika zaidi. Unachotafuta ni pengo kati ya sauti na kelele.

Watu wa waya

Hata hivyo kambi ya waya mrefu ina hoja, tena ina historia.

Desemba 1921 Mmarekani Paul Godley alipiga hema kwenye shamba lililo karibu na bahari huko Ardrossan, Uskoti, katika mvua na baridi ya kukatisha tamaa. Alikuwa ametumwa na chama cha wapenzi wa redio wa Marekani kujibu swali moja: je, vituo vidogo vya watu binafsi vinaweza kusikika ng'ambo ya Atlantiki? Alisimamisha nguzo fupi kwa mstari na kutandaza juu yake waya wa takribani mita 400, ulioelekezwa Marekani.

Waya ule ulikuwa wa mtindo mpya uliobuniwa na mhandisi Harold Beverage. Si mrefu kwenda juu, bali umelala karibu na ardhi, na mwisho wake umefungwa ardhini kupitia kipingamkondo, hivyo husikia upande mmoja tu. Godley alisikia vituo zaidi ya 20, kikiwamo kile cha Greenwich, Connecticut, kilichokuwa kikituma kwenye wimbi la mita 230 hivi. Ukilipima leo, wimbi hilo liko karibu na kilohezi 1300, ndani kabisa ya masafa ya AM tunayoyajadili.

Antena ya Beverage bado ndiyo mfalme kwa wanaowinda stesheni za mbali. Tatizo ni kiwanja. Kwa kawaida inataka urefu wa wimbi moja au zaidi, yaani mita 300 kwa kilohezi 1000. Mwenye shamba la mkonge anaweza. Mpangaji wa chumba na sebule Mbagala hawezi.

Wengi hufanya toleo lake dogo: waya wa mita 20 au 30 kutoka dirishani hadi kwenye mti. Redio nyingi hazina tundu la kuuchomeka kwa ajili ya AM, hivyo mafundi hutumia ujanja mmoja. Waya wenye ganda huzungushwa mara tano au kumi kwenye kasha la redio, mahali ilipo feraiti, na ncha ya pili hufungwa kwenye chuma kilichochimbiwa ardhi yenye unyevu. Redio haifunguliwi wala hailehemiwi.

Kijijini, mbali na nguzo za umeme, waya huu hufanya kazi nzuri ajabu mchana, kwa pesa kidogo sana. Mjini ni kinyume. Unapita juu ya mabati ya majirani watatu, na unarudi na kelele za majirani watatu. Tena unaweza kuileta stesheni ya karibu kwa nguvu nyingi mno hadi ikazifunika nyingine.

Na kuna radi. Waya wa nje ni lazima uchomolewe na kutolewa nje ya nyumba mawingu yanapojikusanya, si baada ya ngurumo ya kwanza. Kwa wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria, ambako dhoruba za usiku ni miongoni mwa zile zenye radi nyingi zaidi duniani, nisingeushauri waya wa nje hata kidogo.

Watu wa fremu

Kambi ya pili hujenga fremu ya mbao, huizungushia waya, huunganisha ncha za waya na kapasita ya kuzungusha, basi. Haiendi nje, haigusi redio, haitumii umeme. Inakaa mezani kando ya redio, na ukiipatanisha na masafa ya stesheni, sauti inajaa yenyewe.

Anayeiona kwa mara ya kwanza huangalia chini ya meza kutafuta waya. Haupo. Fremu hukusanya wimbi, huliongezea nguvu kwa kuitikia masafa yale tu uliyoipatanisha nayo, kisha feraiti ya redio iliyo karibu hulipokea kwa njia ya sumaku.

Lakini ubora wake mkubwa si kuongeza sauti. Fremu, kama feraiti, ina pande mbili viziwi. Husikia vyema kuelekea kwenye kingo zake, na hukosa kusikia kuelekea pale uso wake bapa unapotazama. Na hapa pana siri ambayo muuzaji hakuambii: upande inakosikia ni mpana, upande inakokosa kusikia ni mwembamba. Ukiigeuza nyuzi 20 kutoka kwenye stesheni, hupotezi chochote cha kutambulika kwa sikio. Ukiigeuza nyuzi chache tu kutoka kwenye ule upande kiziwi, kelele inarudi.

Kwa hiyo anayeijua kazi haielekezi fremu kwenye stesheni. Anaipa kelele ule uso bapa, taratibu, kwa ncha za vidole, hadi kelele izame. Stesheni itajitokeza yenyewe maadamu haiko kwenye mstari mmoja na kelele. Ikiwa mstari mmoja, hamisha meza.

> Anayeijua kazi haielekezi fremu kwenye stesheni. Anaipa kelele uso bapa.

Dawa hii ina mipaka. Kelele inayotembea kwenye nyaya za ukutani hukujia kutoka pande zote, na hapo hakuna pembe ya kuikwepa. Ndiyo maana jaribio la swichi kuu hutangulia, fremu hufuata. Nimeona watu wakifanya kinyume, kisha wakailaumu mbao.

Jinsi ya kuijenga

Vipimo vifuatavyo ni vya fremu ya mraba wa sentimita 60 kila upande, ukubwa unaopita mlangoni bila ugomvi na wenye nyumba.

Funga mbao mbili katika msalaba, kila moja ikiwa na urefu wa sentimita 85 hivi, maana hiyo ndiyo mishazari ya mraba wako. Kwenye ncha nne za msalaba piga vipande vya mbao vyenye upana wa sentimita 10, vikatwe meno ya kushikia waya kwa nafasi ya milimita 6. Usitumie chuma wala alumini kwa fremu. Chuma kikifanya duara kamili ndani ya antena, kinainyonya.

Zungusha waya mara 14. Utatumia mita 34 hivi. Waya wowote wa shaba wenye ganda unafaa, hata ule mwembamba wa kuunganishia spika. Usikaze hadi msalaba ukapinda.

Ncha mbili za waya zilehemu kwenye kapasita ya kuzungusha, ile ya sahani za chuma iliyokuwa ikitafutia stesheni kwenye redio za zamani. Yenye pikofaradi 365 au zaidi itakufikisha chini karibu na kilohezi 531. Ikiwa na sehemu mbili, anza na moja.

Juu hapo patakuwa pagumu kidogo. Ukiona fremu haifiki kwenye stesheni za karibu na 1600, punguza mzunguko mmoja wa waya. Ukiona haifiki chini, ongeza. Hesabu za vitabuni hukuleta karibu, lakini nafasi ya meno, unene wa ganda na unyevu wa mbao hukamilisha hesabu kila moja kwa namna yake, hivyo acha ncha ndefu ya akiba.

Kama umepata ile kapasita ndogo ya plastiki ya redio ya mfukoni, nguvu yake ni ndogo. Unganisha sehemu zake mbili za AM pamoja, na uzungushe waya mara 18 au hata zaidi.

Sasa iweke redio kando ya fremu ili kijiti cha feraiti, ambacho kwa kawaida kimelala kwa urefu wa redio, kipenye uso wa fremu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukikilaza sambamba na uso wa fremu, havitasikilizana hata kidogo. Tafuta stesheni dhaifu kwenye redio, kisha zungusha kapasita polepole mno. Mahali pa kupatana ni pembamba, na mgeni wa kazi hupapita bila kujua.

Baada ya hapo geuza fremu na redio kwa pamoja. Kigoda kinachozunguka kinasaidia. Jambo la mwisho: kaa karibu na dirisha, hasa kama nyumba ni ya mabati au zege lenye nondo nyingi, maana vyote viwili hulidhoofisha wimbi kabla halijafika mezani.

Za dukani je?

Zipo. Ile inayojulikana zaidi pengine ni Tecsun AN-200, duara la plastiki lenye kipenyo cha sentimita 20 na kitu, na kitufe cha kuzungusha. Inafanya kazi kwa kanuni ileile na inapendeza mezani. Lakini kinachobeba mzigo katika antena hizi ni eneo la fremu, wala si wingi wa mizunguko, ambayo kazi yake kubwa ni kukuweka kwenye masafa sahihi. Fremu yetu ya sentimita 60 ina eneo zaidi ya mara saba ya duara hilo. Kwa mwenye redio ya mfukoni na nafasi finyu, duara linatosha. Kwa mwenye mbao na jioni moja ya kupoteza, sioni sababu ya kulinunua.

Kisha kuna zile zenye kikuza mawimbi ndani, zinazouzwa kwa maneno makubwa. Nyingine ni nzuri kweli, hasa kwa kufungwa nje ya nyumba mbali na nyaya. Nyingine hukuza kelele kwa uaminifu uleule zinaotumia kukuza stesheni. Na zinataka umeme, hivyo huja na chaja zake. Ukichunguza, mara nyingine chaja hiyo ndiyo taa ya Chumbageni kwa sura nyingine.

Tahadhari na dai kwamba fremu "haisikii kelele za umeme". Husikia. Tofauti yake na waya ni kwamba unaweza kuigeuza.

Nani bado anaihitaji AM?

Swali hili lilinifuata kila nilipopita, na waliouliza hawakuwa wajinga. Ujerumani na Ufaransa zilizima mitambo ya redio zao za umma ya masafa ya kati mwishoni mwa mwaka 2015. Mnara mmoja kwa kilohezi 1000 unataka mita 75 za chuma, kiwanja kilichotandikwa nyaya za shaba chini ya udongo, na bili ya umeme inayoweza kulipa mishahara ya watangazaji kadhaa. Simu, ambayo sasa ndiyo redio ya vijana, ina FM wakati mwingine. AM haina kabisa.

Watengenezaji wa magari ya umeme nao waliona njia rahisi. Mota zao huchafua hewa ya AM kwa namna ileile ya taa yetu, na badala ya kuzifunika vizuri, baadhi wakaitoa redio. Mwaka 2023 Ford ilitangaza kuiondoa AM kwenye magari yake mapya, kelele za wasikilizaji na wabunge wa Marekani zikaja juu, na Mei mwaka huohuo kampuni ikarudi nyuma. Hoja iliyotumika kuitetea haikuwa muziki wala mpira. Ilikuwa vimbunga na moto wa misitu, wakati intaneti na minara ya simu imelala.

Kwetu hoja ni ya jiografia. FM hutembea kwa kuonana macho kwa macho. Kilima kimoja cha Usambara kinatosha kuikata. Masafa ya kati hufuata mgongo wa dunia, na hupenda maji ya chumvi kuliko kitu chochote. Maji ya bahari hupitisha umeme maelfu ya mara kuliko udongo mkavu, ndiyo maana wimbi hilohilo linalochoka mapema likienda bara husafiri mbali zaidi likielekea Pemba au Mafia. Mvuvi aliye nje ya mwamba wa matumbawe, simu ikiwa haina mtandao, yuko mahali ambapo AM ina nguvu kuliko nchi kavu.

Usiku mambo huongezeka. Mchana, tabaka la chini la anga lililochajiwa na jua, kati ya kilomita 60 na 90 juu, hunyonya mawimbi haya yanapopanda. Jua likizama tabaka hilo hufifia, mawimbi hufika tabaka la juu zaidi na kurudishwa chini, mamia ya kilomita kutoka yalikoanzia. Ndipo sindano ya redio inapokutana na Kiarabu, Kihindi na Kireno katika nafasi zilizokuwa kimya saa kumi jioni.

Upande mmoja, basi, kuna wanaosema teknolojia hii ife kwa amani. Upande mwingine kuna wanaosema isiuawe na taa za bei rahisi. Mimi naegemea hao wa pili, kwa sababu moja ya vitendo: uchafu huu una viwango vyake, na si vipya. Kamati ya kimataifa ya kupambana na vurugu za mawimbi ya redio, CISPR, iliundwa mwaka 1934, na ina kiwango maalumu cha taa. Mashirika ya viwango, TBS kwetu na KEBS kwa Wakenya, yapo kwa kazi hiyo. Anayekagua kama taa inaungua au la anaweza pia kukagua kama inanguruma. Kwa kuanzia, kipimo kinaweza kuwa redio ya betri iliyowekwa kaunta.

Kapasita inaadimika

Mtu anayetaka kujenga fremu leo atagundua kwamba mbao zipo, waya upo, na lehemu ipo kila kona ya Kariakoo. Kinachomkwamisha ni ile kapasita ya sahani.

Redio mpya nyingi za bei nafuu hazina tena kitu cha kuzunguka ndani. Gurudumu la nje bado lipo, na hata mshale wa stesheni bado unatembea, lakini nyuma yake kuna kipande kidogo cha silikoni kinachofanya kila kitu kwa tarakimu. Ukiifungua redio ya namna hiyo kwa matumaini, utapata spika, betri na bodi ndogo tu.

Kapasita za zamani ziko kwenye redio zilizokufa, zile zilizorundikwa nyuma ya vibanda vya mafundi zikisubiri mnunuzi wa vyuma chakavu. Alumini ya sahani zake hupimwa kwa kilo, pamoja na sufuria zilizotoboka. Fundi mmoja mjini Tanga ameanza kuzing'oa kabla hajauza makasha, anazifuta vumbi kwa mswaki na kuzihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Bado hajajua azipangie bei gani, kwa sababu mpaka sasa wanaozitafuta ni wachache na karibu wote ni wazee. Anayetaka moja aende mapema, aizungushe sikioni kabla ya kulipa: sahani zikigusana atasikia zikikwaruza, na hiyo amrudishie fundi.